Rangi Ije Mwisho

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa mji wa Goma. Ni mahali ambapo mtu anaweza kuwa na nyumba lakini hawezi kuwa na kiwanja. Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Upande wa Kongo wa ziwa hilo, vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria ni vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Watu wamezaliwa humo, wameoa humo na wamezika wazee wao humo. Usiku viboko hupita kati ya nyumba wakitafuta majani. Pamoja na hayo yote, hakuna ofisi inayoweza kumpa mwanakijiji hati ya ardhi ya hifadhi.

Sasa anayeuza nyumba Vitshumbi anauza nini? Anauza kuta, mabati, milango, sakafu, na nafasi ya kukaa karibu na mitumbwi. Swali hili si la wavuvi peke yao. Mtu anayenunua nyumba popote hulipia mambo mawili: kile anachokiona, na uhakika kwamba kesho hatatokea mtu wa kumtoa. Vitshumbi hilo la pili halipatikani, hivyo bei nzima inakaa kwenye la kwanza. Mjini Goma hilo linapatikana, kwa jasho, na ndilo lenye kubeba bei. Ajabu ni kwamba wauzaji wengi wa Goma hujiandaa kana kwamba wako Vitshumbi: wanakimbilia ndoo ya rangi na kuiacha karatasi sandukuni, ikiwa ipo.

Kwa nyumba ya hifadhini, hesabu ni rahisi kidogo. Miti ya hifadhi hairuhusiwi kukatwa, kwa hiyo nguzo na mbao huletwa kutoka mbali, na nyumba ya mbao na mabati iliyofungwa vizuri, inayoweza kufumuliwa bila kuharibika, ina thamani hata siku mwenyewe akiamua kuhama. Tena yapo mambo mawili yasiyohamishika yanayostahili fedha: choo na sakafu. Kipindupindu si mgeni kwenye vijiji vya ziwa hili, na choo kilichojengwa juu ya usawa wa maji ya mvua humtuliza mama wa watoto kuliko pazia lolote.

Kuhusu sakafu, kuna ushahidi mzuri kutoka mbali. Jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianzisha mwaka 2000 mpango wa kuwawekea maskini sakafu ya saruji, kwa gharama ya takriban dola 150 kwa nyumba. Wachumi waliopima matokeo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikadiria kwamba kuondoa kabisa sakafu ya udongo hupunguza minyoo na vimelea vingine kwa watoto kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kina mama nao waliripoti kuridhika zaidi na maisha. Ni marekebisho machache ya nyumba yanayoweza kujitetea namna hiyo mbele ya mnunuzi.

Goma ni habari nyingine. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia hanunui ardhi. Anapewa haki ya kuitumia: konsesio ya kudumu kwa Mkongomani, au konsesio ya kawaida yenye muda. Haki hiyo inathibitishwa kisheria na kitu kimoja, sertifika inayotolewa na konsevatere wa hati za ardhi. Ikishatimiza miaka 2, haki iliyoandikwa humo haishambuliki tena. Mwenye malalamiko hubaki kudai fidia, si kiwanja.

Sasa linganisha na karatasi zinazozunguka mitaani. Kuna karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa katiye, yaani mkuu wa mtaa. Kuna fishi ya parsele, yaani ya kiwanja. Kuna barua ya marehemu baba. Zote zina kazi yake kama ushahidi wa njia, na mtu hapaswi kuzitupa, lakini hakuna hata moja iliyo sertifika. Komisionere, yaani dalali, anayemwambia mteja kwamba "karatasi zote zipo" mara nyingi anazungumzia hizi ndogo. Muuzaji mwenye fedha kidogo za matengenezo angefanya vema kuanza hapa: apime upya mipaka, afuate jalada lake ofisini, amalize kilichokwama. Mnunuzi wa nyumba isiyo na sertifika hupunguza bei kwa kiasi cha hofu yake, na hofu haina kipimo.

Wapo wanaosema hati ni muhimu kwa sababu inafungua mlango wa mkopo wa benki. Jambo hilo husemwa kirahisi mno. Huko San Francisco Solano, kando ya Buenos Aires, familia zilizovamia ardhi mwaka 1981 ziligawanyika kwa bahati tu: baadhi zilipata hati, jirani zao hazikupata. Wachumi Galiani na Schargrodsky waliolinganisha makundi hayo waliona, katika andiko lao la mwaka 2010, kwamba wenye hati waliboresha kuta na mapaa yao na kuwasomesha watoto zaidi. Mikopo iliongezeka kidogo tu. Watu hawakusubiri benki. Walijenga kwa sababu walijua hawatafukuzwa.

Karatasi inafuatwa na familia, na hapa ndipo mauzo mengi huvunjika. Kanuni ya Familia ya Kongo, kifungu cha 499, inataka ridhaa ya mume na mke wote wawili kabla ya kuhamisha konsesio au kuuza jengo lililoandikwa kwa majina yao wote wawili. Nyumba ya urithi ni ngumu zaidi: watoto wa marehemu, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa naye alipokuwa hai, ni warithi wa daraja la kwanza, na fungu lao ni robo 3 ya urithi. Kaka mkubwa anayekaa nyumbani hawezi kuuza peke yake eti kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Baraza la ukoo likae, kila mrithi asaini, aliye Kampala au Brussels atume idhini yake iliyothibitishwa. Kazi hii haigharimu saruji hata mfuko mmoja.

Halafu ardhi yenyewe. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mwaka 2021 iliishia Buhene, mlangoni mwa Goma. Katika mitaa iliyofunikwa mwaka 2002, alama za mipaka zilibaki chini ya mwamba, na watu walijenga upya juu yake kwa kukumbuka na kukadiria. Kwa hiyo parsele ya mitaa hiyo isiyopimwa upya ni ugomvi unaosubiri mnunuzi.

Matetemeko ya mwaka 2021 nayo yaliacha nyufa. Muuzaji akiziziba kwa plasta usiku wa kuamkia siku ya kutembelewa, harufu ya rangi mbichi kwenye kona moja tu ndiyo itakayomsema. Mafundi wa majengo wana njia yao ya zamani: huweka bandiko jembamba la plasta kukingama ufa na kuandika tarehe juu yake. Miezi ikipita bila bandiko kukatika, ufa umelala. Bandiko lenye tarehe lina uzito mbele ya mnunuzi kuliko ukuta mzima uliopakwa upya, maana linaonyesha mwenye nyumba hana la kuficha.

Mazuku pia yasifichwe. Ni hewa ya ukaa inayopanda kutoka ardhini na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Magharibi mwa Goma, pande za Lac Vert na Bulengo, imeshaua watu na mifugo. Shimo, ghala la chini au chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa uwanja katika maeneo hayo haliongezi thamani, hata likipambwa vipi. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kinayajua maeneo hayo, na majirani pia.

Mwamba huohuo unaotisha una neema yake. Mawe ya volkano hujenga misingi na nyua imara, na hayatoki mbali. Lakini kuchimba choo kwenye lava ni kazi ya nyundo na mtaimbo kwa siku nyingi, na ndiyo sababu shimo refu lililokwisha kuchimbwa ni mali ambayo muuzaji asiyeelewa huitaja mwishoni, baada ya madirisha. Alitaje mwanzoni. Vivyo hivyo tangi la maji ya mvua na mifereji yake, kwa tahadhari moja: moshi wa Nyiragongo hubeba floridi na asidi, na upepo mara nyingi huupeleka magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mabati ya huko huliwa mapema, na maji ya bati hayafai kunywewa tu kwa kuwa yanaonekana safi. Kubadilisha mabati yenye kutu kabla ya kuuza hulipa. Kuyapaka rangi juu ya kutu ni kupoteza brashi.

Umeme umebadilisha mambo tangu kituo cha Matebe, chenye megawati 13, kizinduliwe Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2015 na nyaya za kampuni ya Virunga Energies kuingia Goma. Nyumba yenye mita yake na nyaya zilizofungwa na fundi anayejulikana ina soko. Nyumba iliyovutiwa waya kutoka kwa jirani ina deni na hatari ya moto, vyote kwa pamoja.

Baada ya hayo, rangi. Vumbi jeusi la Goma hurushwa na mvua hadi magotini mwa ukuta, hivyo utepe wa rangi ya mafuta, ya kahawia au kijivu, chini ya ukuta mweupe unadumu kuliko kupaka vyote vyeupe. Uwanja ufagiliwe, vyumba vitolewe mizigo, mlango wa mbele ufunguke bila kusukumwa kwa bega. Hayo ni ya siku mbili tatu.

Malipo yanahitaji maandalizi yake. Benki za Goma zilifunga milango mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Vitshumbi yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa tangu Machi 2024. Mahali penye mamlaka mbili zinazokanushana, tarehe na mhuri wa kila karatasi huangaliwa kwa jicho kali, na asili zake zinastahili kuhifadhiwa mbali na nyumba inayouzwa. Fedha hupita mkono kwa mkono, kwa dola, na nchini Kongo noti ya dola yenye mpasuko hata wa ukucha hukataliwa dukani. Ndiyo maana watu wenye uzoefu huhesabu mchana, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, wakigeuza noti moja moja kwenye mwanga, na kalamu haiguswi mpaka noti ya mwisho ikubaliwe.