Teknolojia Polisi: Foleni imepungua, kazi ya mpelelezi ipo palepale

KWA miaka mingi, Mtanzania aliyepoteza kitambulisho, cheti au laini ya simu alilazimika kufika kituo cha polisi, kusubiri zamu yake kaunta na kutoa maelezo yaliyoandikwa kwa mkono katika daftari. Asipobahatika, aliambiwa arudi kesho.

Hali hiyo imebadilika kwa sehemu. Jeshi la Polisi sasa lina mfumo wa kutoa taarifa za upotevu wa mali kwa njia ya intaneti. Mwombaji hujaza maelezo yake, hutaja kilichopotea na mahali kilipopotelea, hupewa namba ya malipo, hulipa ada na kisha huchapisha hati yake. Hati ya namna hiyo ndiyo inayodaiwa na ofisi nyingi kabla ya kumpatia mhusika nakala mpya ya kilichopotea.

Mabadiliko mengine yako barabarani. Askari wa usalama barabarani huingiza kosa katika mashine ya mkononi, na dereva hupewa namba ya kulipia faini kupitia simu au benki. Fedha huenda serikalini bila kupita mkononi mwa askari. Aidha, deni la gari huweza kuangaliwa kwa namba ya usajili, jambo linalomsaidia anayenunua gari lililotumika kujua mapema kama linadaiwa.

Faida ya mifumo hii haiishii katika kasi. Ukurasa wa daftari waweza kuchanika au kupotea, na mlalamikaji akakosa pa kuanzia. Kumbukumbu ya kompyuta ikitunzwa vema huonyesha tukio liliingizwa lini na nani, hivyo kiongozi wa kituo aweza kumuuliza aliyehusika.

Hata hivyo, mashine huona kile tu ilichoingiziwa. Dereva na askari wakipatana kando ya barabara kabla kosa halijaandikwa, hakuna kompyuta itakayolijua. Ndiyo maana teknolojia hupunguza mianya ya rushwa, lakini haichukui nafasi ya usimamizi na uadilifu.

Vilevile, kupotelewa si kuibiwa. Aliyeporwa simu au kuvunjiwa nyumba hapaswi kuridhika na hati ya upotevu, kwani hati hiyo haianzishi upelelezi. Anatakiwa kufika kituoni, kutoa maelezo, kupewa namba ya RB na kufuatilia jalada lake. Kuwahoji mashahidi na kukagua eneo la tukio bado ni kazi ya binadamu.

Lipo pia suala la siri. Mlalamikaji humweleza polisi mambo ambayo huenda hajamweleza hata ndugu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda. Kadiri kumbukumbu zinavyohamia kwenye kompyuta, ndivyo wajibu huo unavyozidi kuwa mzito.

Kwa asiye na simu ya kisasa, kaunta ya kituo itaendelea kuwa mlango wa haki. Mifumo ikitumiwa ipasavyo, askari aliyekuwa akishinda akiandika hati za vitambulisho atapata muda wa kumsikiliza aliyekuja akilia.