Mahindi Yaliyoponzwa na Protini Moja

Ndani ya seli za mmea mna mitokondria, vijumba vitoavyo nguvu. Protini zake nyingi hutengenezwa nje, katika ute wa seli, kwa amri ya kiini, kisha huingizwa. Chache tu hutengenezwa humo humo, nazo si za kudharauliwa! Mahindi ya aina ya Texas, yaliyoenea Marekani, yalikuwa na moja ya hizo, URF13. Iliyanyima chavua, hivyo wauza mbegu hawakuhitaji vibarua wa kukata mbelewele. Mwaka 1970 ukawazukia ukungu ambao sumu yake, ikikutana na protini hiyo, hutoboa mitokondria. Yapata asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima ikapotea. Vibarua wakaitwa tena mashambani.