Kisu cha Zamani Usikipige Msasa!

Mwaka wa 1937, kando ya Walloon Lake huko Michigan, Marekani, mtu mmoja alikuwa akikwangua rangi ya mashua kwa kisu cha kuwindia. Bo Randall, aliyekuwa akimtazama, alishangaa kuona makali hayajaharibika. Akakinunua, na aliporudi kwao Florida akaanza kutengeneza vyake.

Kisu hicho kilikuwa kazi ya mikono ya William Scagel, aliyefariki mwaka wa 1963. Leo visu vyake huuzwa kwa maelfu ya dola. Je, utakitambuaje? Tazama mpini: visahani vya ngozi vilivyobanwa pamoja, mara nyingi na kipande cha pembe ya kulungu mwishoni. Kwenye bapa kuna jina lake na chapa ya jambia lililopindapinda. Lakini chapa pekee isikudanganye, ndugu msomaji. Walaghai nao wana nyundo.

Kinachoua bei ni usafi wetu. Msasa hufuta chapa, na yule mnoaji wa baiskeli mtaani hulila bapa hadi likawa jembamba. Weusi wa chuma uache. Ala yake ihifadhi, ila kando na kisu, kwani dawa zilizolainishia ngozi hiyo huleta kutu.