Majina ya Wasichana (Sehemu ya Pili): Siku, Nyota na Bibi Mzaa Baba

Aisha Jumwa, mbunge wa Malindi kuanzia 2017 hadi 2022, anajulikana Kenya nzima kwa ulimi wake mkali. Jina lake halizungumzwi sana, na ni hasara, kwa sababu historia ya pwani imo humo kwa maneno mawili. Aisha ni la Kiarabu, lenye mzizi ule ule uliotupa kitenzi kuishi. Ndilo jina la mke wa Mtume, na pwani hakuna ukoo wa Kiislamu usiokuwa na Aisha, Asha au Mwanaisha wake. Jumwa ni la Kigiriama. Wiki ya asili ya Wamijikenda ilikuwa ya siku nne, na jumwa ndiyo siku ya kuifunga, siku ya kupumzisha jembe. Msichana aliyezaliwa siku hiyo alipewa jina la siku yake.

Waswahili nao wamefanya hivyo hivyo kwa wiki ya siku saba. Mtoto wa Ijumaa huitwa Mwanajuma, wa Alhamisi Mwanahamisi, na aliyewahi sikukuu ni Mwanaidi. Wajaluo waliohamia Malindi kwa kazi za hoteli na ualimu wamekuja na saa badala ya siku: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Atieno wa usiku. Atieno akikutana na Chausiku, jina la Kiswahili la zamani, na Laila wa Kiarabu, watatu hao wana jina moja kwa lugha tatu. Wakamba wao huangalia aliyekuwapo nyumbani: Mueni ni mgeni, mtoto aliyezaliwa wakati kuna wageni.

Mchanganyiko huo husikika wazi Shella, mtaa wa Waswahili wa Malindi. Alasiri, mwalimu wa madrasa akiita majina, wanaoitikia ni akina Fatuma, Swabra, Mwanaidi na Asumini. Asubuhi yake shuleni, daftari lina hao hao, safari hii wamechanganyika na Kadzo, Sidi, Mbeyu, Mueni na Stella. Swabra, kwa wasiojua, ni mwenye subira. Hiyo w ni ya Wapwani wa Kenya, wanaoiandika herufi swadi kama wanavyoitamka. Kadzo ni kizuri, Mbeyu ni mbegu.

Neno mwana katika majina haya huwapotosha wageni, wanaodhani ni mtoto. Lamu, Pate na Siyu lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke, sawa na bibi au bi. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, alikuwa Bibi Kupona. Katika karne ya 18 Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija. Siti ni neno la cheo hicho hicho, ila lenyewe limetoka Kiarabu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kurekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, hakuzaliwa na jina hilo. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Siti lilikuja na umaarufu, na hakuna aliyelistahili kumzidi.

Kwa Wagiriama mama hubadilishwa jina na mwanawe. Mwanamke aliyewaongoza kuwapinga Waingereza mwaka 1913, akakamatwa, akapelekwa magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwao, alizaliwa akiitwa Mnyazi. Mekatilili ni mama wa Katilili, mwanawe. Me- hiyo ndiyo iliyomo katika jina la Mepoho, mtabiri wa kike anayekumbukwa na Wamijikenda. Kwa hiyo ukisema Mekatilili wa Menza umetaja vizazi vitatu kwa pumzi moja: mtoto, mama na babu. Waswahili wa leo nao wana akina Mama Asha na Mama Fatuma, lakini kwao ni jina la kuitana tu, halifiki kwenye kitambulisho.

Halafu kuna majina ambayo mwenye kuyabeba angeshangaa akiambiwa yalikotoka. Fatuma, yaani Fatima, ni wa kuachisha ziwa. Khadija ni aliyezaliwa kabla ya wakati, neno lililotumiwa hata kwa ngamia azaapo njiti. Zubeda ni kijidonge cha siagi. Mwenye jina, mkewe Harun al-Rashid, alibandikwa na babu yake Khalifa al-Mansur alipokuwa mtoto mnene mweupe, na jina la utani likafunika lile la kuzaliwa. Wakristo hawako mbali. Debora ni nyuki, Raheli ni kondoo jike, na Tabitha ni paa. Wafugaji na wakulima wa zamani walimpa binti jina la kitu walichokithamini, na mifugo ilithaminiwa.

Orodha za majina zinazozunguka kwenye simu hupenda kuzipamba maana hizo hadi kila jina likawa malkia, nuru au ua. Hazina haja. Mzazi wa Shella amwitaye bintiye Fatuma hafikirii ziwa. Anamfikiria binti wa Mtume, na pengine nyanya aliyefariki mwaka jana. Kwa Wagiriama msichana wa kwanza mara nyingi hupewa jina la upande wa baba, aghalabu la bibi mzaa baba. Wakikuyu nao hufuata mpango huo, na msichana wa pili humwendea bibi mzaa mama. Matokeo yake ni kwamba mama akitaka kumkaripia binti yake, hulazimika kupaza sauti na kulitaja jina la mavyaa.

Sauti pia hudanganya. Asha wa Shella ni Aisha aliyefupishwa, lakini Asha wa familia ya Kihindu anatoka Kisanskriti, na maana yake ni matumaini. Safia ni wa Kiarabu, ndugu wa neno safi. Sofia ni Kigiriki, hekima. Kinyume chake, Salome wa kanisani, Salma wa madrasa na Salama wa mtaani wote wametoka shina moja la Kisemiti la amani, ingawa hawaketi dawati moja siku ya dini. Lulu, Margaret na Penina nao hurudi baharini: kwa Kiarabu, Kigiriki na Kiebrania, wote ni lulu.

Nyota zina wateja wengi. Zuhura ni ile ing'aayo jioni, Najma ni nyota yoyote, na Thuraya ni kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa pwani walilitazama kujua msimu wa kulima. Stella ni nyota kwa Kilatini na Kiitaliano, na Malindi ina Waitaliano wa kutosha tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco huko Ngomeni na kurusha satelaiti kutoka baharini mwaka 1967.

Wazazi vijana siku hizi huyaona Mwanajuma, Chausiku na Jumwa kuwa majina ya kizee, na wengi huyakimbia. Wanakosea. Majina hayo yametungwa hapa hapa, na yakiachwa hakuna lugha nyingine itakayoyarudisha. Mwenye binti anayesubiri jina amuulize kwanza bibi mzaa baba. Orodha ya simu inaweza kungoja. Sehemu ya tatu itahusu majina ya taabu: Tabu, Shida, Sikujua na wenzao.