Mabadiliko ya Toleo la 3 la Lugha ya Programu ya Python na Athari Zake katika Utafiti

Toleo la 3.0 la lugha ya programu ya Python lilitolewa tarehe 3 Desemba 2008. Guido van Rossum, mwasisi wa lugha hiyo, na wenzake walirekebisha kasoro za msingi wakijua kwamba programu nyingi za zamani hazingeoana na toleo hilo.

Mabadiliko mawili yanawagusa watafiti moja kwa moja. La kwanza ni ugawaji wa namba kamili. Katika toleo la 2, 7/2 hutoa 3. Katika toleo la 3 hutoa 3.5. Hivyo, programu ya kukokotoa wastani yaweza kutoa jibu tofauti bila kuonyesha kosa lolote. La pili ni matini, ambayo sasa hufuata mfumo wa Unikodi na kutenganishwa na baiti ghafi. Kwa sababu hiyo, urefu wa neno la Kiswahili lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu, au la Kigikuyu lenye irabu ĩ na ũ, hauhesabiwi tena kwa baiti.

Toleo la 2 liliacha kuhudumiwa na wasanidi wake tarehe 1 Januari 2020. Taasisi inayoendelea kulitumia haipati tena marekebisho ya usalama kutoka kwao. Hata hivyo, uhamaji usiishie kwenye kusahihisha sintaksia: kila hesabu ya ugawaji haina budi kukaguliwa kwa data ambayo majibu yake yanajulikana, kabla matokeo hayajawafikia watunga sera.