Moshi wa Sigara Ndani ya Mkahawa: Dhima ya Mwenye Biashara, Mfanyakazi na Mteja

SUALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni kijana wa Pemba, huu ni mwaka wangu wa pili niko Ifakara. Nahudumia wateja kwenye mkahawa wa Muislamu mwenzetu na mke wangu anapika humo humo. Ukutani pana tangazo kwamba kuvuta sigara ndani hairuhusiwi, lakini tajiri ameniagiza nikimwona mteja ametoa sigara nimpelekee kisahani cha majivu, asije akakasirika akahama. Mke wangu sasa ni mja mzito na kila jioni anakohoa. Je, mshahara wangu ni halali? Na nikikataa kupeleka kisahani nikafukuzwa, nitakuwa nimejidhulumu?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu yetu, Allah akuzidishie hima. Suali lako umelileta kutoka bonde la Kilombero, lakini linatuhusu na sisi wa visiwani. Kibao kama hicho kipo Darajani na kipo Chake Chake, na visahani pia vipo. Kwa hivyo tutaeleza kwa urefu kidogo: sheria inasema nini, kwa nini haifuatwi, dini inasema nini, kisha tutarudi kwako na kwa mkeo.

Sheria ya nchi

Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Inazuia kuvuta katika maeneo ya umma, na inaruhusu kutengwa sehemu maalumu ya wavutaji. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi ziwakinge watu na moshi kazini, ndani ya majengo ya umma na kwenye vyombo vya usafiri. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo sheria hiyo ya 2003 ni ya Bara, na Zanzibar ina sheria zake za afya. Makusudio ni mamoja: asiyevuta asilazimishwe kuvuta.

Jirani zetu wamefanya kama hayo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007. Uganda ilitunga mwaka 2015, nayo ni kali zaidi, kwani inakataza kuvuta hata nje ikiwa ni ndani ya mita 50 kutoka jengo la umma.

Lakini uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaotumia tumbaku hawafiki hata mtu mmoja katika kila watu wazima kumi, na hapo hapo karibu mmoja katika kila watatu wanaofanya kazi ndani ya majengo alikuwa anavuta moshi wa wenzake kazini. Wavutaji ni wachache, wanaovutishwa ni wengi.

Moshi huo si kero ya harufu tu. Una kemikali maelfu, na kadiri ya 70 katika hizo zinajulikana kusababisha saratani. Asiyevuta akiukaa kwa muda mrefu huzidi khatari yake ya maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Mtoto hupata pumu na maradhi ya kifua na masikio. Mja mzito khatari yake ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo huzidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja katika hao hawavuti kabisa.

Kwa nini wenye biashara hawaifuati

Mimi mwenyewe nilipata kwenda Ifakara kwa shughuli ya ndoa, nikaingia mkahawa mmoja kula wali wa huko. Kibao kilikuwa ukutani, na chini yake meza yenye kisahani kimejaa vishungi. Nilimwuliza mwenyewe kwa upole, akanijibu, "Sheikh, mimi sivuti. Lakini nikimwambia mteja azime, anavuka barabara anakwenda kwa jirani, na jirani hamwambii kitu."

Maneno hayo ndiyo maradhi yenyewe. Wengi hawaivunji sheria kwa ubishi. Kila mmoja anamwogopa jirani yake, na jirani naye anamwogopa yeye, na wote wawili wamekaa ndani ya moshi. Afisa afya wa halmashauri na polisi hawawezi kusimama katika kila mkahawa, kila gesti na kila kibanda cha kuonyesha mpira. Kwa hivyo sheria hii inashikwa au inaachwa na mkono wa mwenye mlango.

Wengine wanadhani wameifuata kwa kutenga kona moja ya wavutaji. Moshi hauna kona. Feni linalozunguka juu ya kona ya wavutaji ndilo linaloupeleka moshi kwa mama na mtoto waliokaa upande wa pili. Wataalamu wa mkataba tulioutaja walikubaliana tangu 2007 kwamba hakuna chumba cha wavutaji wala mashine ya hewa inayotosha. Kinachokinga ni ndani kusivutwe kabisa.

Na ile khofu ya kukosa wateja? Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kukataza sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, mikahawa ikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Wenye biashara walilia kabla kwamba watafilisika. Siku ilipofika watu walitoka nje kuvuta, wakarudi ndani kula. Iliwezekana kwa sababu wote walianza siku moja, ikawa hakuna jirani wa kumkimbilia.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Ifakara hiyo hiyo ina kituo cha utafiti wa afya kilichoanza mwaka 1957, leo kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 watafiti walisimamia mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Vyandarua hivyo viliwafikia watu kwa mikono ya wenye maduka na wauzaji wa vijijini, watu wanaowajua na kuwaamini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na yalionyesha kwamba vyandarua hivyo vilifungamana na kuzidi kwa uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Basi watu wa bonde hilo wameshaona kwamba mfanyabiashara anaweza kuwa sababu ya watoto kuishi. Hilo la mbu likiwezekana, la moshi pia linawezekana.

Hukumu ya dini

Tumbaku haikuwepo zama za Mtume (s.a.w.). Ilipoingia katika nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1000 Hijria wanazuoni walikhitalifiana. Wapo walioiharamisha, wapo walioikirihisha, na wapo walioiona mubaha kwa sababu madhara yake yalikuwa hayajajulikana. Wenzetu wa madhehebu ya Ibadhi kule Oman wamekuwa wakali juu yake tangu zamani. Leo madhara yamethibiti, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha, kwa kuwa Allah ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia kwenye maangamizo kwa mikono yetu, na katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kujiua.

Lakini, ndugu msomaji, hata anayeshikilia kauli ya karaha hana hoja ya kuvuta ndani ya mkahawa. Mwaka 2009 Baraza la Wanazuoni wa Indonesia, nchi ya Kishafii kama sisi na yenye wavutaji wengi mno, lilikutana juu ya suala hili. Hukumu ya jumla waliiacha baina ya karaha na haramu, lakini waliharamisha wazi mambo matatu: kuvuta kwa watoto, kuvuta kwa wajawazito, na kuvuta hadharani mahali pa watu. Hapo hawakuacha nafasi ya khilafu. Sababu yake iko wazi: khilafu ni juu ya mapafu yako, mapafu ya mwenzako hayamo. Kanuni iliyotoka kwa Mtume (s.a.w.), aliyoipokea Ibn Majah na wengine, inakataza mtu kudhuru na kudhuriana.

Tuzingatie hadithi tatu mashuhuri. Ya kwanza, katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfananisha rafiki mbaya na mvukuta moto wa mhunzi: ama akuunguzie nguo, ama upate kwake harufu mbaya. Mvutaji wa ndani anampa jirani yake yote mawili, harufu na maradhi. Ya pili, pia katika Bukhari na Muslim, alimtaka aliyekula kitunguu thomu asikaribie msikiti wetu. Ikiwa chakula halali kinamzuia mtu kuwaudhi wenzake kwa harufu, moshi wenye sumu una hali gani?

Ya tatu, katika Bukhari, ni mfano wa watu wa chomboni. Waliokuwa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa chombo kikitoboka inakuwaje. Anayesema anavuta kwenye meza yake anatoboa sehemu yake.

Mwenye mkahawa ndiye nahodha, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Isitoshe, kile kibao ni ahadi. Mama aliyeingia na mtoto baada ya kukisoma ameaminishwa jambo. Kuweka kibao ukutani na kisahani mezani ni kusema hivi na kutenda vile, na Muislamu hujiepusha na tabia hiyo.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye biashara aondoe visahani na viberiti mezani, kwani kisahani ni mwaliko. Kama hapana budi kuwepo wavutaji, awawekee kiti nje, mbali na mlango, madirisha na jiko. Amfundishe mfanyakazi maneno mazuri ya kumwambia mteja, na amlinde akigombezwa. Na bora kuliko yote, wenye mikahawa ya mtaa mmoja wakae pamoja, waanze siku moja. Imamu wa msikiti wa hapo anaweza kuwaita baada ya Ijumaa. Hapo ile khofu ya jirani itaondoka, na rizki iko kwa Allah.

Mteja naye asiseme hayamhusu. Ukiingia mahali na familia yako tazama: pana tangazo? Pana kisahani? Pana vishungi chini? Panatoka harufu? Kuna anayevuta? Ukiona kasoro mwambie mwenyewe kwa adabu. Asiposikia, peleka fedha yako penye hewa safi na umweleze sababu. Anaogopa kumpoteza mvutaji mmoja kwa sababu hajawahi kumsikia asiyevuta akiondoka.

Kwako wewe muulizaji

Mshahara wako ni halali in shaa Allah, kwa sababu umeajiriwa kuhudumia chakula. Kilicho na tatizo ni tendo moja, kupeleka kisahani, kwani huko ni kusaidiana katika madhara. Jiepushe nalo. Mteja akitoa sigara mwendee na uso mkunjufu: "Kaka, samahani, humu ndani hatuvuti, nimekuwekea kiti nje na chai yako naileta huko huko." Wengi watainuka bila ya ugomvi.

Kisha zungumza na tajiri wako faraghani, kwa heshima ya kijana kwa mkubwa wake. Mwambie habari ya mkeo. Huenda hajaliwaza. Ukiona vigumu, mchukue imamu au mtu mzima anayemheshimu. Asiposikia, kumwarifu afisa afya wa halmashauri si fitina wala si usaliti, ni kutetea haki ya wanaodhurika.

Ama mkeo, suala lake halingoji mazungumzo hayo. Mtoe ndani ya moshi leo. Apike nje penye upepo, na ikiwa haiwezekani apumzike nyumbani hadi ajifungue. Matumizi yake ni wajibu wako, na wapemba wenzako na jamaa wa msikitini ni juu yao kukushika mkono. Na kikohozi cha kila jioni kwa mja mzito si cha kungoja, mpeleke hospitali akaangaliwe.

Ukifukuzwa kwa kukataa kisahani, hukujidhulumu, umedhulumiwa, na anayeacha jambo kwa ajili ya Allah hapotezi. Ukiwa huna pa kwenda kwa sasa, baki na kazi yako ya chakula, chukia kwa moyo usiloweza kulibadilisha, na tafuta pengine huku ukiwa kazini. Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Tunamuomba Allah amjaalie mkeo ajifungue salama, na awape wenye biashara wetu, wa Ifakara na wa visiwani, ujasiri wa kutimiza kile walichokiandika ukutani.

Wallaahu a'lam.