Sakafu inapotikisika: Kuacha vidonge vya usingizi bila kuanguka njiani

Mfanyabiashara wa mpakani hulala pale usingizi unapomkuta: kwenye kiti cha basi la usiku, juu ya marobota ya mitumba akisubiri lori likaguliwe, au katika gesti ya Namanga au Busia ambako muziki wa baa ya jirani haunyamazi hadi alfajiri. Fedha ya mtaji ameifunga kiunoni na sikio moja liko mlangoni. Katika maisha ya namna hiyo, kidonge kimoja cha kuleta usingizi huonekana rafiki.

Mara nyingi kidonge hicho ni diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valium hata kama pakiti ina jina jingine. Ndugu zake wa ukoo mmoja ni lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Kwa pamoja huitwa benzodiazepini. Valium iliingia sokoni mwaka 1963, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa dawa isiyo na madhara makubwa. Wapo wanaopewa na daktari kwa sababu nzuri: hofu kubwa baada ya kuvamiwa njiani, misuli ya mgongo iliyokaza, degedege. Wapo pia wanaonunua dukani bila cheti, jambo ambalo sheria hairuhusu lakini hutokea. Wiki mbili huwa miezi miwili, na miezi huwa miaka.

Taabu huanza siku mtu anapoamua kuacha, au vidonge vinapomwishia upande wa pili wa mpaka. Sakafu hupanda na kushuka kama sitaha ya jahazi. Akigeuza shingo kutazama gari linalokuja, barabara nzima hugeuka naye. Miguu huwa kama ya pamba, na akitembea huhisi anavutwa upande mmoja. Wenzake sokoni hudhani amekunywa. Yeye mwenyewe hudhani ni malaria, ni presha, au kuna mtu amemwonea kijicho kwa sababu biashara imechanganya. Ni wachache wanaokumbuka kidonge walichoacha, kwa sababu kizunguzungu hakiji papo hapo. Kwa dawa inayotoka mwilini upesi, kama alprazolamu au lorazepamu, dalili huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Kwa diazepamu, ambayo hukaa mwilini siku nyingi, zinaweza kuchelewa wiki moja na hata kufikia 3.

Kwa nini mwili unayumba

Binadamu husimama wima kwa msaada wa mashahidi watatu. Macho hueleza kilicho mbele. Sikio la ndani lina mirija midogo yenye majimaji, nayo hueleza kichwa kimeelekea wapi. Nyayo, misuli na viungo hueleza ardhi ikoje. Ubongo hupokea ushahidi huo wote na kuamua, kila nukta, mguu ukanyage wapi.

Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza, mithili ya breki ya gari. Benzodiazepini huifanya breki hiyo ikamate zaidi. Dawa ikitumiwa kila siku, ubongo hujizoesha: hulegeza breki zake wenyewe kwa kuwa kuna anayezikamata kutoka nje. Dawa ikiondoka, breki za asili bado zimelegea. Kila taarifa huingia kwa kelele, ya macho, ya masikio na ya nyayo. Sehemu za ubongo zinazosimamia mizani, hasa ile iliyo kisogoni, zinaitegemea sana GABA, na ndiyo maana kuyumba ni miongoni mwa dalili zinazotajwa sana na wanaoacha dawa hizi. Sikio halijaoza wala mishipa haijakatika. Ubongo unajifunza upya kazi uliyokuwa ukisaidiwa kuifanya.

Hilo halimaanishi kila kizunguzungu kinatokana na kuacha dawa. Upungufu wa damu, sukari kushuka, presha kupanda au kushuka, malaria, ujauzito na ugonjwa wa sikio vyote huleta hali hiyo. Kipimo cha presha, sukari na wingi wa damu ni cha kufanywa kwanza. Na mtu ambaye uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri, anazimia au amepoteza usikivu ghafla, huyo si wa kusubiri. Ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Hatari ya kukata ghafla

Kwa mtu aliyezitumia dawa hizi kwa muda mrefu, kosa kubwa kuliko yote ni kutupa vidonge vyote siku moja kwa ujasiri. Kizunguzungu ni sehemu ndogo tu ya kinachoweza kufuata. Kukata ghafla kunaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na degedege hilo huweza kuua. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu utegemezi na hatari ya kuacha ghafla liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za ukoo huu, katika kisanduku cha onyo kali kuliko yote.

Njia inayokubalika ni kushuka kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari. Heather Ashton, profesa wa Uingereza aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi mjini Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, alisisitiza kwamba mwendo uamuliwe na hali ya mgonjwa na si kalenda. Mwongozo wa madaktari wa Marekani uliotolewa 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na kwa kawaida kutozidi asilimia 25 katika wiki 2. Kwa anayemeza diazepamu miligramu 10 kwa siku, asilimia 10 ni miligramu 1 tu, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 2. Kwa hesabu hiyo safari nzima ni ya miezi. Mwenye haraka ya kuimaliza kwa wiki moja ndiye anayerudi mwanzo mara nyingi.

Kizunguzungu kikizidi baada ya kupunguza, jibu la kawaida ni kusimama hapo ulipo wiki kadhaa zaidi hadi mwili utulie, kisha kuendelea kwa hatua ndogo kuliko ile iliyopita. Kumeza kidonge cha ziada siku mbaya na kukiruka siku nzuri huuyumbisha ubongo ambao tayari unayumba.

Jina jingine, nguvu nyingine

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani ana shida ambayo mgonjwa wa mjini hana. Anaanza dozi yake Arusha, vidonge vinamwishia Nairobi, anapata vingine Kampala. Pakiti ni tofauti, jina ni tofauti, na muuzaji anamwambia ni kitu kilekile. Si kilekile. Kwa makadirio ya Ashton, miligramu 10 za diazepamu zinakaribiana na miligramu 1 ya lorazepamu au nusu miligramu ya alprazolamu. Anayehesabu vidonge bila kusoma miligramu anaweza kujizidishia dozi mara kadhaa, au kuishusha kwa kiwango ambacho mwili hauwezi kuhimili, na yote hayo ndani ya safari moja ya basi.

Kwa hiyo mpango wa dawa upangwe kama mpango wa mzigo. Vidonge vya safari nzima, pamoja na vya siku chache za ziada kwa ajili ya foleni na lori kuharibika, vitoke kwa daktari mmoja. Vikae kwenye pakiti yake yenye jina, ndani ya mkoba wa mkononi na si kwenye mzigo unaopita forodhani. Cheti cha daktari kiwe pamoja navyo, chenye jina la kitaalamu la dawa na miligramu. Benzodiazepini ziko chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Mkataba huo unaruhusu nchi kumwachia msafiri abebe kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe, lakini nchi ina haki ya kujiridhisha kwamba alikipata kihalali. Masharti ya kila nchi hutofautiana, na ni afadhali kuyauliza kabla ya safari kuliko kuyajua mbele ya ofisa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: wiki ya kupunguza dozi isiwe wiki ya safari. Barabara, kukosa usingizi na kula ovyo vinatosha kumyumbisha mtu mzima wa afya. Mwenye mzunguko wa wiki 3 anaweza kupanga na daktari wake apunguze akiwa nyumbani, siku chache ziwe zimepita kabla ya kupanda basi.

Siku ile ya kuyumba

Asubuhi asiinuke kwa kishindo. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Usiku aache taa ndogo au tochi karibu, kwa sababu gizani shahidi mmoja kati ya watatu, yaani jicho, hayupo kazini. Viatu viwe vya soli bapa isiyoteleza; kandambili zilizolika soli zina lawama yake katika mianguko mingi.

Wimbi likija sokoni, asimame na miguu iliyotanuka kidogo, ashike meza au ukuta, na akaze macho kwenye kitu kimoja kisichotembea kilicho mbali. Avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa taratibu. Hofu humfanya mtu ahemehe harakaharaka, na kuhema huko kwenyewe huongeza kizunguzungu na ganzi ya vidole, kisha hofu huzidi. Maji ya kutosha, chakula kwa wakati na kahawa kidogo husaidia. Pombe haimo kabisa: pamoja na benzodiazepini hulegeza pumzi hadi kuua, na ikiisha mwilini huacha mizani mbovu kuliko ilivyoikuta.

Kishawishi kikubwa ni kulala kutwa nzima. Lakini ubongo hujifunza mizani kwa kuitumia. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, walitunga mazoezi kwa ajili ya watu wenye matatizo ya sikio la ndani, nayo bado hutumika. Mtu huanza ameketi, akizungusha macho bila kichwa, juu na chini, kulia na kushoto, kwanza polepole kisha kwa kasi. Halafu huinamisha na kugeuza kichwa. Siku nyingine husimama na kukaa tena, na baadaye hutembea chumbani. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi ni dalili kwamba ubongo umepata kazi ya kufanya. Kikimwangusha au kumtapisha, zoezi limekuwa kubwa mno, apunguze. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini anaweza kumpangia yanayomfaa.

Kwa sababu hiyohiyo, vidonge vya kuzuia kizunguzungu kama sinarizini visiwe vya kila siku bila ushauri. Hunyamazisha mlio kwa muda, lakini vikitumiwa mfululizo huchelewesha ubongo kujifunza.

Kazini kuna mambo ya kumwachia mwenzake kwa kipindi hicho: kupanda juu ya lori kufunga turubai, kubeba mzigo kichwani, kuendesha gari au bodaboda. Dada au mwenza wa biashara aambiwe ukweli, asije akadhani ni ulevi, na ajue la kufanya degedege likitokea: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu, kutomtia chochote mdomoni, na kutafuta usafiri wa hospitali.

Hali hii haiondoki kwa mstari ulionyooka. Wiki nzuri huja, kisha wimbi la siku 3, kisha utulivu tena. Kwa wengi huisha ndani ya wiki, kwa baadhi huchukua miezi. Daftari lilelile la mahesabu ya mauzo linaweza kupewa ukurasa wake: tarehe, miligramu, saa za usingizi, na ukali wa kizunguzungu kuanzia 0 hadi 10. Ukurasa huo ndio daktari atakaouomba kwanza kabla ya kuamua kama dozi ishuke tena au ibaki palepale.